Taa za Breki za Gari la Kikundi: Umeme Umepotelea Wapi?

Katika toleo hili tunaacha kidogo mambo ya mikopo ya mzunguko na vitabu vya hesabu, tunaingia chini ya gari. Baadhi ya vikundi tunavyotembelea, kutoka Ngao na Tarasaa hadi Garsen na Minjila, vimejinunulia gari la pamoja. Mara nyingi ni Toyota Hiace au Nissan Caravan ambayo imekwisha zeeka katika nchi nyingine kabla ya kutufikia sisi. (Watu wetu huiita hata Toyota "nissan", basi msishangae tukichanganya.) Gari hilo linabeba samaki, maembe, mchele, mgonjwa wa kukimbizwa Malindi, na pengine watu wa matanga. Likilala, kikundi kizima kinalala.

Swali tunaloletewa kila mara ni hili: taa za breki haziwaki, fundi amebadilisha hiki na kile, pesa zimeisha, na taa bado. Au zinawaka upande mmoja tu. Au zinawaka na hazizimiki, asubuhi betri imekufa. Tumeona tulieleze jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu ni ugonjwa ambao kikundi kinaweza kuupima chenyewe, kwa saa moja hivi, kwa balbu moja na vipande viwili vya waya. Kutibu huenda mkahitaji fundi. Kupima si lazima.

Kwanza, kwa nini tujisumbue

Kuna madereva wanaosema, "Aa, breki zenyewe zinashika, taa ni urembo." Tusiwaachie maneno hayo. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100 za lami, na lami inaita mwendo. Gari la abiria likienda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wake kisheria hapa Kenya, linapita mita 22 kila sekunde. Sasa fikirini lori linalowafuata. Dereva wake asipoona taa yenu, atajua mmefunga breki pale tu atakapoona gari lenu linazidi kuwa kubwa mbele ya kioo chake. Akichelewa sekunde moja, amekwisha kula mita 22. Akichelewa mbili, ni mita 44, na huenda nyuma yenu hamna mita 44.

Na sisi kwetu breki za ghafla ni jambo la kila siku. Ng'ombe wa wafugaji wanavuka jioni kwenda majini, ngamia naye anasimama katikati ya barabara kama amelipa kodi. Kwenye barabara ya kwenda Witu na Lamu, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, magari yalikuwa yakisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma, moja karibu na jingine. Aliyesafiri hivyo anajua: wa mbele akifunga breki, kinachomwokoa wa nyuma ni zile taa mbili nyekundu.

Wako pia wazee wanaosema watatoa mkono dirishani. Mchana sawa. Usiku mkono wataonyesha nani?

Mambo ya askari na ukaguzi tunayapita haraka, mnayajua. Gari la abiria hukaguliwa kila mwaka, na gari lisilo na taa za breki halifai kupita. Lakini hata kama hakungekuwa na askari hata mmoja kati ya Hola na Malindi, bado watu walioko kiti cha nyuma ni wetu.

Umeme unapita njia gani

Hapa ndipo penye kiini, basi tusome polepole. Umeme wa taa za breki unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unakwenda hadi swichi ndogo iliyo juu ya pedeli ya breki, chini ya dashibodi. Ukikanyaga pedeli, swichi inafungua njia. Umeme unaendelea kwa waya mrefu kutoka mbele mpaka nyuma ya gari, unagawanyika kushoto na kulia, unaingia kwenye balbu, balbu inawaka. Kisha unatoka kwenye balbu, unapita kwenye waya mfupi uliofungwa kwa nati kwenye bati la gari, na kupitia bati hilo unarudi kwenye betri. Hiyo njia ya kurudi mafundi wanaiita athi.

Mkulima wa mfereji atasema ni kama maji: mto, lango, mfereji, shamba. Ni kweli, ila mfano unaharibika mwishoni. Maji yakifika shambani hayarudi mtoni, lakini umeme usipopata njia ya kurudi haufanyi kazi hata kidogo, hata kama umefika mpaka mlangoni mwa balbu. Ukilikumbuka jambo hilo moja, umewapita mafundi kadhaa wa kando ya barabara.

Tena jueni kwamba katika magari mengi umeme wa taa za breki hauzimwi na ufunguo. Uko pale mchana na usiku. Kwa hiyo mnaweza kupima injini ikiwa imezimwa, na hiyo ni salama zaidi.

Balbu yenyewe (wengi tunasema globu) mara nyingi ina nyuzi mbili ndani. Uzi mwembamba ni wa wati 5, huo ni wa taa ndogo ya usiku. Uzi mnene ni wa wati 21, huo ni wa breki. Ndiyo maana taa ile ile inazidi kung'aa ukikanyaga. Na ndiyo maana taa ndogo kuwaka si ushahidi kwamba balbu ni nzima: uzi mmoja unaweza kukatika na mwingine ukabaki.

Tengenezeni testa yenu

Chukueni balbu ndogo ya gari ya volti 12, wati 5. Ungeni waya mmoja kwenye kitako chake cha chuma na mwingine kwenye ncha ya chini, kila mmoja urefu wa mikono miwili. Mwisho wa waya wa kwanza fungeni kibanio, mwisho wa wa pili msumari mwembamba au sindano ya kushonea magunia, iliyozungushiwa tepu ili mtu apate pa kushika. Basi. Kibanio kinashika bati safi la gari, sindano inagusa pale mnapotaka kujua kama pana umeme. Pakiwa na umeme, balbu inawaka.

Kabla ya kutumia testa, ijaribuni kwanza kwenye betri: kibanio kwenye hasi, sindano kwenye chanya. Tumeona vijana wakihangaika nusu siku na testa ambayo balbu yake ilikuwa imeungua.

Tahadhari mbili. Kama gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani, msiguse kwa testa waya zenye ala ya manjano chini yake. Na kama kuna jerikani ya petroli ndani ya gari, itoeni kwanza, iwekeni mbali. Cheche moja inatosha.

Zote mbili haziwaki, taa ndogo zinawaka

Mtu mmoja akae nyuma, mwingine akanyage. Kama kushoto na kulia zote kimya, ni nadra balbu mbili kufa pamoja, ingawa hutokea kwamba moja ilikufa zamani na hakuna aliyeangalia. Tafuteni mahali ambapo njia bado ni moja, yaani kabla ya kugawanyika.

Anzeni na fyuzi. Kisanduku chake kwa kawaida kiko chini ya dashibodi, na mara nyingi kuna kingine karibu na betri. Kwenye kifuniko kuna mchoro. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, neno STOP mara nyingi limeandikwa kwa herufi tunazozisoma. Itoeni fyuzi, itazameni kwenye mwanga. Baadhi ya magari yanatumia fyuzi hiyo hiyo kwa honi, basi kama honi nayo imenyamaza siku ile ile, mmekwisha pata dalili.

Fyuzi ikiwa nzima, nendeni kwenye swichi. Lala chali, kichwa chini ya usukani, tazama juu ya mkono wa pedeli. Utaona kitu kidogo chenye kidude kinachosukumwa na pedeli na waya mbili nyuma (mengine yana nne, hapo tafuteni zile za taa). Pedeli ikiwa imepumzika, kidude kimebonyezwa na njia imefungwa. Ukikanyaga, kidude kinatoka na njia inafunguka. Gusa waya wa kwanza kwa testa: lazima mmoja uwe na umeme wakati wote. Kama hakuna hata mmoja, ugonjwa uko kati ya swichi na betri. Kama mmoja uko hai, gusa wa pili huku mwenzako anakanyaga. Testa ikiwaka, swichi ni nzima na ugonjwa uko nyuma. Isipowaka, swichi imekufa au imelegea ikawa mbali na pedeli.

Kuhakikisha, chomoeni soketi ya swichi muunganishe zile tundu mbili kwa kipande kifupi cha waya. Taa zikiwaka nyuma, mmepata jibu bila kununua kitu. Swichi nyingi zimeshikwa kwa nati, na wakati mwingine kuisogeza kidogo tu kunatosha. Jaribuni kuisogeza kabla ya kununua mpya.

Magari mengine ya zamani sana hayana swichi kwenye pedeli. Yao iko kwenye bomba la mafuta ya breki, inafanya kazi kwa msukumo wa mafuta. Vipimo ni vile vile, ila hiyo msiifungue wenyewe, maana hewa ikiingia kwenye mafuta mtakosa breki zenyewe, na hapo mtatamani siku za kukosa taa.

Zinawaka bila kuzimika

Ugonjwa huu tunauona sana katika joto letu. Kwenye mkono wa pedeli, pale inapogusana na kidude cha swichi, kuna kitufe cha mpira au plastiki. Miaka inapita, joto linakikausha, siku moja kinavunjika na kuanguka kwenye zulia. Kidude kinapata tundu, kinatoka nje, swichi inadhani mguu uko kwenye breki. Dereva haoni kitu kwa sababu taa ziko nyuma yake.

Hesabu yake ni hii. Balbu mbili za wati 21 ni wati 42, na kwa volti 12 hiyo ni ampea tatu na nusu. Gari likilala kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni saa kumi, yaani ampea-saa 35. Betri ya 60 imekwisha poteza zaidi ya nusu, na injini ya dizeli haitaamka kwa iliyobaki. Kikundi kinanunua betri mpya, wiki ya pili nayo inakufa, watu wanaanza kumshuku dereva kwamba anakopesha betri usiku. Kumbe ni kitufe kidogo kuliko kifungo cha shati. Kwa hiyo betri ikifa ovyo, kabla ya maneno mabaya, zungukeni nyuma ya gari usiku mtazame. Angalieni pia zulia la dereva: vipande vya plastiki vilivyosagika ni ushahidi.

Kwa dharura mtu anaweza kuziba tundu kwa bolti ndogo na nati zake. Tumeiona ikidumu miezi. Lakini agizeni kitufe chenyewe, hakina bei.

Upande mmoja tu, au taa zinachanganyikiwa

Hapa ndipo pesa za vikundi vyetu zimepotelea zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Upande mmoja ukiwaka, jueni fyuzi ni nzima, swichi ni nzima, na waya mrefu kutoka mbele ni mzima angalau mpaka pale unapogawanyika. Mtu akitaka kuwauzia swichi hapo, mkatalieni kwa heshima. Fungueni taa ya upande uliokufa, toeni balbu, mbadilishane na ile ya upande mzima. Ugonjwa ukihama pamoja na balbu, ni balbu. Ukibaki pale pale, ni holda, waya wa upande huo, au athi.

Balbu yenye nyuzi mbili ina vijino viwili ubavuni ambavyo havilingani urefu. Vimewekwa hivyo makusudi ili isiingie kinyume. Akija kijana mwenye nguvu akailazimisha, taa ndogo inakuwa ya breki na ya breki inakuwa ndogo. Na mtu akichomeka balbu ya ncha moja kwenye holda ya ncha mbili, ile ncha inagusa njia zote mbili kwa pamoja: unakanyaga breki na taa ndogo zote zinawaka, hata zile za dashibodi. Uzi wa balbu ukikatika na kuangukia mwenzake unaleta vituko hivyo hivyo. Kwa hiyo mkiona gari linawasha dashibodi kwa kukanyaga breki, tazameni balbu kwanza, si dashibodi.

Sasa athi. Mto Tana unajulikana. Ulifurika wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukafurika 2018, ukafurika tena mwishoni mwa 2023 na kuingia Aprili na Mei 2024. Kila maji yanapopanda, magari yanapita kwenye tope au yanasimama ndani yake, na tope laini linaingia mahali ambapo hata kidole hakifiki. Maji yanakauka, tope linabaki limeshikilia unyevu kwenye ile nati ya athi. Bati linaota kutu, shaba ya waya inaota ukungu wa kijani. Kwa macho waya umefungwa vizuri. Kwa umeme, mlango umefungwa.

Baada ya maji ya 2024 kupungua, kikundi kimoja cha kina mama karibu na Garsen kilikuwa na kisa cha namna hiyo. Gari lilikuwa limezama mpaka juu ya bampa. Lilipowaka tena, breki ikikanyagwa taa ndogo ya kushoto ilizimika na indiketa ya upande huo ikaonyesha mwanga hafifu kama mshumaa. Fundi wa kwanza alibadilisha balbu zote. Wa pili aliuza swichi. Wa tatu alitaka kuvuta waya mpya kutoka mbele hadi nyuma, na bei yake ilikuwa mapato ya gari ya wiki nzima.

Mwekahazina, mama mtu mzima, alimwambia, "Mwanangu, swichi tumenunua juzi na risiti ninayo hapa. Nionyeshe umeme unakatikia wapi."

"Mama, umeme hauonekani."

"Basi na pesa yangu haitaonekana."

Alikuwako kijana mmoja wa kijijini anayetengeneza redio. Aliweka testa kwenye holda ya kushoto, breki ikakanyagwa, testa ikawaka kabisa. Maana yake umeme unafika, na waya kutoka mbele hauna kosa. Akachukua waya mrefu, ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye chuma cha holda. Taa zote za kushoto zikawaka kama mpya. Hapo hapakuwa na la kubishana: njia ya kurudi ndiyo iliyokufa. Walifuata waya mweusi mfupi mpaka nyuma ya taa, wakafungua nati, wakakuta tope na ukungu wa kijani. Walisugua bati na jicho la waya kwa msasa mpaka vikang'aa, wakafunga kwa nguvu, wakapaka grisi juu. Gharama ilikuwa kipande cha msasa.

Tunawaeleza dalili ile tena ili iwakae kichwani: ukikanyaga breki na taa nyingine ya upande huo ikafifia, ikazimika au indiketa ikawaka isipotakiwa, ni athi. Umeme ukikosa mlango wake unatafuta kurudi kwa kupitia kwa jirani. Mwenye mita ya umeme anaweza kupima kati ya chuma cha holda na hasi ya betri huku breki imekanyagwa: ikizidi nusu volti, athi ni mbaya.

Fyuzi inaungua kila ikiwekwa

Hiyo maana yake waya wenye umeme unagusa bati mahali fulani kabla ya kufika kwenye balbu. Fyuzi imewaokoa. Msiikasirikie, na kamwe msiizunguke kwa waya, msumari au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Balbu mbili zinahitaji ampea tatu na nusu tu, kwa hiyo fyuzi ya 10 au 15 aliyoiweka mwenye kiwanda inatosha sana. Mkiizunguka, waya wenyewe ndio utakuwa fyuzi, nao unapita chini ya viti wanapokaa watu.

Ikiungua mara tu inapowekwa bila breki kukanyagwa, kosa liko kabla ya swichi. Ikiungua pale mnapokanyaga, kosa liko baada ya swichi, kuelekea nyuma. Toeni balbu zote za nyuma mjaribu tena. Ikidumu, kosa liko kwenye balbu au holda. Ikiungua bado, fuateni waya. Tazameni pale unapotoboa bati: kama mpira wa tundu umekwisha, ukingo wa bati unakata kama kisu. Tazameni zile waya zinazoingia kwenye mlango wa nyuma kupitia bawaba, kwa maana kila mlango ukifunguliwa kupakia samaki zinajikunja. Tazameni palipofungwa spika, taa za mapambo, au waya wa tela. Aliyeunga spika pengine aliuma waya wa breki bila kujua. Na kama gari linalala karibu na ghala la mahindi, tafuteni kinyesi cha panya chini ya viti. Panya anapenda ala ya waya kuliko tunavyodhani.

Palipochubuka paungwe vizuri. Kusokota na kuzungushia tepu ni kazi ya kufikia nyumbani tu, maana joto letu linayeyusha gundi ya tepu na baada ya miezi mitatu inaning'inia kama ngozi ya nyoka. Fundi aunge kwa risasi, avalishe mrija wa plastiki, kisha tepu juu, na kiungo akifunge mahali pa juu ambapo maji hayatuami.

Neno kuhusu fundi na pesa

Hatusemi mafundi ni wezi. Wako wazuri sana, na wengi wamejifunzia kazi chini ya mti bila hata testa, kwa hiyo wanakisia. Kukisia kwao kunalipwa na nyinyi. Mkimpelekea gari mkamwambia "taa ya breki ni mbovu", mmempa ruhusa ya kukisia. Mkimwambia "umeme unafika kwenye holda ya kulia lakini haurudi", mmempa kazi ya dakika ishirini, na bei yake itakuwa ya dakika ishirini.

Kamati ikubaliane na mambo machache kabla. Kifaa kilichotolewa kirudishwe kwa kikundi, kisibaki karakana. Hakuna kununua kifaa kabla kipimo hakijaonyesha kwamba ndicho kilichokufa, na kipimo kifanywe mbele ya mwanakikundi. Balbu za LED zinazouzwa siku hizi zinang'aa kweli, lakini katika magari ya zamani nyingine zinawasha taa ya onyo kwenye dashibodi kwa sababu zinakula umeme kidogo sana. Anayezitaka anunue akiwa tayari kwa hilo. Na kwenye gari muweke daima balbu mbili za akiba, fyuzi tatu, kipande cha msasa na ile testa, ndani ya kopo lenye kifuniko.

Baada ya matengenezo msikubali kuambiwa "iko sawa, twende". Washeni injini, washeni taa ndogo, washeni indiketa ya kushoto kisha ya kulia, na kila mara mtu akanyage breki huku mwingine yuko nyuma. Taa nyingi zinafanya kazi moja moja na kushindwa zikiwa pamoja. Kisha piga bodi kwa ngumi karibu na taa, tikisa mlango wa nyuma, mwambie dereva apite kwenye matuta, mpime tena. Jioni dereva anaweza kujipima peke yake: arudi nyuma karibu na ukuta mweupe, akanyage, atazame kwenye kioo. Wekundu uonekane pande mbili, na ukiachia pedeli uzimike.

Hayo yaandikwe kwenye daftari la gari, tarehe na jina la aliyepima, kila Jumatatu kabla ya gari kutoka. Asiyeweza kuandika aweke alama, mradi alama yake ijulikane.